Reli Moja, Treni Tatu: Kibao Kimwambie Abiria Nini?

Simama kwenye jukwaa la kuelekea mashariki pale King's Cross St Pancras, London, ukiwa na safari ya Tower Hill. Treni ya kwanza inaingia, mbele imeandikwa Aldgate. Ukiipanda itakuacha kituo kimoja kabla ya unakokwenda. Ya pili imeandikwa Barking. Hiyo ikishatoka Liverpool Street inakata kuelekea Aldgate East, na Tower Hill haiigusi kabisa. Ya tatu ni ya laini ya Circle, na hiyo ndiyo yako. Zote tatu zimepita juu ya reli ileile na kusimama mbele ya benchi lilelile, na kwa kuangalia mabehewa tu huwezi kuzitofautisha. Aliyekaa kando yako, anayeshuka Moorgate, angepanda yoyote kati ya hizo bila hata kuinua macho.

Vipande vya reli vya namna hii viko katika miji mingi mikubwa, na hicho cha London ni cha zamani sana: kati ya Paddington na Farringdon abiria walianza kubebwa Januari 10, 1863. Leo laini za Metropolitan, Circle na Hammersmith & City zinagawana majukwaa kwenye vituo saba mfululizo, kuanzia Great Portland Street hadi Liverpool Street. Swali linalonishughulisha linaonekana dogo: kibao cha mbele ya treni, na kile cha jukwaani, viandike nini? Kuna wanaosema jina la kituo cha mwisho limepitwa na wakati, kwamba rangi, herufi au jina la laini linatosha. Naamini hoja hiyo inamdhulumu abiria. Lakini si hoja ya kupuuza, na haki yake ipewe kwanza.

Abiria husoma ramani, wanasema, na ramani imechorwa kwa rangi. Akishajua kwamba safari yake iko kwenye laini ya njano, anatafuta njano. Kumwandikia jina la kitongoji ambacho hajawahi kukikanyaga wala hana mpango nacho ni kumtwisha mzigo usio wake. Tena majina hayo hayatulii. Chukua BART, reli ya San Francisco na miji jirani, iliyozoea kuzitambulisha treni zake kwa kituo cha mwisho. Tawi lake moja liliishia Concord. Mwaka 1995 likafika North Concord, 1996 likafika Pittsburg/Bay Point, 2018 likafika Antioch. Mtu anayeshuka Rockridge, kituo ambacho treni hukifikia mapema kabla ya vyote hivyo, amelishuhudia jina la treni yake likibadilika mara tatu ilhali safari yake haijaongezeka hata hatua moja. Kwa mtu huyo rangi ingekuwa rafiki mwaminifu zaidi, na treni mpya za BART sasa zinaonyesha rangi pamoja na jina.

Mfano wao mzito zaidi ni Circle yenyewe. Tangu Desemba 13, 2009, laini hiyo si duara tena. Treni huondoka Hammersmith, hupita Paddington na Edgware Road, huzunguka katikati ya jiji zima, kisha huja kuishia Edgware Road ileile iliyokwisha kuipita. Kibao kikiandika "Edgware Road" pale Hammersmith kitakuwa kimesema kweli, na bado kimemchanganya kila asomaye: anayekwenda Edgware Road atafika baada ya vituo tisa tu, na anayekwenda Victoria atadhani treni haifiki kwake. (Na jina hilohilo linabebwa na kituo kingine cha laini ya Bakerloo, huku Edgware tupu ikiwa mwisho wa tawi la laini ya Northern. Mgeni wa jiji ana haki ya kushika kichwa.) Hapa wapinzani wa jina la mwisho wameshinda, na sitaki kuwapunja.

Ila tazama kinachotokea rangi na herufi zinapoachiwa kazi yote. New York, treni ya A ni A, na duara lake ni la buluu. Lakini baada ya kituo cha Rockaway Boulevard njia inagawanyika: nyingine zinakwenda Lefferts Boulevard, nyingine Far Rockaway. Herufi ni moja, rangi ni moja, na abiria wawili walioketi bega kwa bega, wote wakiwa na hakika kwamba wamepanda A, mmoja wao yumo ndani ya treni isiyo yake. Rangi yenyewe, kwa utaratibu ulioanza 1979, hufuata njia kuu ambayo treni hutumia ndani ya Manhattan. Ndiyo maana A, C na E zote ni buluu. Rangi hiyo inakwambia treni inapita wapi katikati ya jiji, haikwambii itakufikisha wapi. Huko London nako, Earl's Court, treni za magharibi za laini ya District hutawanyika kwenda Wimbledon, Richmond, Ealing Broadway na Kensington Olympia. Zote ni District, zote kijani. Pale kituoni bado yananing'inia masanduku ya zamani yenye orodha ya majina ya mwisho wa safari, na mshale unawaka kando ya jina la treni inayokuja. Sijaona kifaa kinachomheshimu abiria kuliko kile: anaona majina yote, na mshale mmoja unaojibu swali lake.

Hata hivyo si matawi yanayonifanya nilishikilie jina la mwisho. Ni treni kukatishwa njiani.

Kwenye reli yenye msongamano hili ni jambo la kawaida. Treni ikichelewa sana, wasimamizi hawaiachi imalize safari. Wanaigeuza kabla ya mwisho ili iwahi zamu yake ya kurudi, maana ikichelewa kurudi, huko nako litazuka pengo. Ni uamuzi wa busara kwa reli nzima, na mchungu kwa waliomo ndani. Sasa chukulia treni ya Hammersmith & City iliyokuwa iende Barking imeamriwa iishie Plaistow. Jina la laini halijabadilika. Rangi ya waridi haijabadilika. Ramani iliyobandikwa juu ya mlango bado inaonyesha vituo vyote hadi Barking. Kitu kimoja tu kimebadilika, nacho ni kituo cha mwisho. Mtu anayekwenda East Ham, aliyembeba mtoto aliyelala begani na mfuko mkononi, akiona "Plaistow" tangu Liverpool Street anaweza kuiacha ipite, au akapanda huku amejiandaa. Asipoliona, atalijua Plaistow yenyewe, tangazo likisema kila mtu ashuke, huku mtoto ameamka na jukwaa limejaa watu wenye hasira kama yake.

Wanaotaka jina la laini peke yake huniambia hiyo ni hali ya dharura na matangazo ya sauti yapo. Lakini matangazo hayamfikii asiyesikia vizuri, wala aliyeingia baada ya kutangazwa, na behewa likijaa hayasikiki. Tena siku treni zinapovurugika ndiyo siku abiria hukitazama kibao kwa dhati. Siku za kawaida wengi hupanda kwa mazoea. Alama inayofaa siku za amani tu haijamaliza kazi yake. Laini ni ukoo. Kibao kinatakiwa kimtaje mtu.

Pingamizi lao lenye nguvu zaidi linahusu makosa. Skrini ya jukwaani hulishwa na mfumo wa ishara: treni ina utambulisho wake, na inapovuka kutoka kipande kimoja cha reli kwenda kingine, utambulisho huo husogezwa pamoja nayo hadi vituo vya mbele vijue kinachokuja. Kibao cha kwenye treni mara nyingi huwekwa kutoka chumba cha dereva. Treni ikigeuzwa ghafla, kimoja kinaweza kubadilishwa na kingine kisahauliwe, na abiria akabaki anasoma Barking huku na Plaistow kule. Jina la laini, wanasema, halina aibu hiyo. Ni kweli, lakini halikosei kwa sababu halijasema lolote linaloweza kukosewa. Vibao viwili vikigongana, abiria angalau ameshtuka, atauliza, na dereva atakumbushwa. Kibao kisichotaja mwisho kinamwacha atulie ndani ya kosa.

Reli zenyewe, zinapozungumza kwa lugha yake ya kazi, hazisahau mwisho wa safari. Treni za RER, mtandao wa reli unaounganisha Paris na vitongoji vyake, hubeba msimbo wa herufi 4, ambapo herufi ya kwanza hutaja kituo cha mwisho na zinazofuata huhusu mpangilio wa vituo treni itakaposimama. Abiria wazoefu huusoma msimbo huo, mgeni hawezi. Kwa hiyo majukwaani kuna pia ubao wenye majina ya vituo, taa ikiwaka kando ya kila kimoja treni itakaposimama, na hilo ndilo jibu kamili kuliko yote pale penye nafasi. Tokyo, ambako tangu Machi 2013 treni za laini ya Fukutoshin huendelea moja kwa moja kwenye reli ya kampuni nyingine hadi Motomachi-Chukagai mjini Yokohama, kibao huandika aina ya treni na mwisho wake. Rangi ya laini moja ingekoma maana kwenye mpaka wa kampuni.

Kwa hiyo mimi naona neno linalokosekana kwenye ubishi huu ni "kupitia". Laini ya Northern ina njia mbili kati ya Camden Town na Kennington, moja kwa Bank, nyingine kwa Charing Cross, na kibao hutaja mwisho pamoja na njia. Neno hilo hilo linaiponya Circle: Edgware Road kupitia Tower Hill haimpotezi mtu. Rangi na jina la laini viwepo, vina faida kwa anayesoma ramani. Lakini kibao kikiwa chembamba na kitu kiondolewe, liondoke jina la laini kwanza. Na kwa kuwa skrini nyingi siku hizi hupokezana ujumbe, laini, kisha mwisho, kisha tahadhari ya kusogea mbali na ukingo, jina la mwisho lisiwekwe kwenye zamu. Likae palepale, herufi kubwa, muda wote, kwa ajili ya yule anayeshuka ngazi mbio milango ikiwa imeanza kulia.