Tugawe njia, tusihukumu video

Jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, mimi ndiye niliyezifunga tovuti za video chuoni. Nilikuwa fundi mtandao katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja. Malalamiko kwamba intaneti inajikokota yalikuwa yametujaa, na agizo lililoshuka kutoka juu lilikuwa fupi: tovuti zote za video zifungwe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Nikaandika sheria mbili tatu kwenye mitambo, nikaitazama grafu ya matumizi ikiporomoka, nikaenda kulala roho yangu ikiwa imetulia.

Asubuhi akaja mwanafunzi wa uuguzi. Hakuja kugomba. "Samahani kaka," alisema, "mchana tuna mtihani wa vitendo wa kuweka kanula, na video niliyokuwa najifunzia jana usiku ilikatika katikati. Unaweza kunifungulia dakika kumi tu?"

Nilimfungulia. Lakini ombi lile halijanitoka moyoni hadi leo. Mtu mzima, anayesomea kuokoa maisha ya watu, alilazimika kuja kuniomba ruhusa ya kutazama sindano inavyoingia kwenye mshipa. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kazi ya chuo ni kuigawa njia ya intaneti kwa haki kati ya watu wake, na kwamba kuamua video ipi inastahili kupita hakumo katika kazi hiyo hata kidogo.

Tatizo lenyewe ni la kweli, sitaki kulipuuza. Video ya ubora wa juu, ule wa 1080p, inataka takribani megabiti 5 kwa sekunde. Laini ya gigabiti 1, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, inatosha watazamaji 200 wa namna hiyo kwa wakati mmoja, hapo imejaa pomoni na mfumo wa usajili haufunguki. Hosteli zikiwa na wanafunzi 4,000, mgawo ulio sawa kabisa ni kilobiti 250 kwa kila mmoja. Ni kweli hawatazami wote sekunde ileile, lakini saa mbili usiku, vipindi vimekwisha na chakula kimeliwa, wanakaribia kufanya hivyo. Anayesema mtandao wa chuo unaweza kuachwa ujiendee hajawahi kupokea simu za saa hiyo.

Wanaofunga, hata hivyo, wanasahau tabia ya video yenyewe. Video ya mtandaoni haiji kama mto. Inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Kichezeshi kwenye simu kinavuta kipande, kinapima kimekuja kwa kasi gani, kisha kinachagua kiwango cha kipande kinachofuata. Ndivyo inavyofanya kazi HLS, mbinu ya Apple ya kurusha video iliyotoka mwaka 2009, na ndivyo inavyofanya kazi mwenzake MPEG-DASH, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012. Ukikipa kichezeshi nafasi kubwa, kitapanda ngazi mpaka kioo cha simu kisione faida tena. Ukikibana kwenye megabiti 1 au 2, kitashuka hadi ubora mdogo wa 480p na mtu ataendelea kutazama. Pia kinajiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji hata hajui.

Maana yake, katika yote yanayopita kwenye mtandao wa chuo, video iliyorekodiwa ndiyo yenye uvumilivu kuliko karibu kila kitu. Inakubali kubanwa, inakubali kusubiri. Asiyeweza kusubiri ni mtu aliye kwenye simu ya video na msimamizi wa utafiti wake: anahitaji megabiti chache tu, lakini anazihitaji sasa hivi, kila sekunde. Kufunga video ili kumwokoa huyu ni kumwadhibu mvumilivu wakati kumbana kidogo kungetosha.

Ushahidi mkubwa tuliuona Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani. Thierry Breton, Kamishna wa Umoja wa Ulaya, aliziomba kampuni za video zipunguze mzigo. Netflix ikapunguza kasi ya video zake barani Ulaya, ikisema hatua hiyo itapunguza mzigo wake kwenye mitandao kwa takribani asilimia 25, na YouTube ikaweka ubora wa kawaida kuwa chaguo la mwanzo. Hakuna aliyefungiwa kutazama. Bara zima lilishuka ngazi moja, maisha yakaendelea.

Kufunga kwenyewe tulishakujaribu tukashindwa, na kumbukumbu zipo. Napster, programu ya kugawana muziki, ilianzishwa mwaka 1999 na Shawn Fanning, kijana aliyekuwa amesoma Northeastern University, na kufikia mwaka 2000 vyuo kadhaa vya Marekani vilikuwa vimeifunga, kwa hofu ya sheria na pia kwa sababu ilikuwa inameza njia yao ya intaneti. Napster ikazimwa mwaka 2001, lakini Kazaa na programu nyingine za namna hiyo zilikuwa tayari zinasubiri, zikihamahama kutoka namba moja ya mlango wa mtandao, yaani njia ambayo programu hupitishia data, hadi nyingine ili zisinaswe. Mafundi wa vyuo walitumia miaka kukimbizana na programu moja baada ya nyingine.

Leo mkimbizano huo ni mgumu zaidi. Karibu kila kitu kimesimbwa, yaani kimefichwa kwa msimbo asiousoma mtu wa kati. QUIC, kanuni mpya za kusafirisha data zilizopata hati yake rasmi mwaka 2021, inaficha hata mambo ambayo zamani tuliyaona kwenye pakiti, vile vifurushi vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni. Fundi anaweza kujua kwamba simu fulani inazungumza na tovuti fulani ya video, lakini hawezi kujua kama kinachotazamwa ni mechi ya mpira au upasuaji wa moyo. Kwa hiyo anayefunga anaifunga tovuti nzima, na wanafunzi nao, ndani ya wiki moja, wengi wanawasha VPN, programu inayopitisha kila kitu kwa siri kupitia kompyuta ya mbali. Hapo chuo kimepoteza mara mbili: trafiki ni ileile, na sasa inazungukia nchi ya mbali badala ya kuchotwa kwenye seva za akiba, kompyuta zinazotunza nakala za video, ambazo Google na Netflix huziweka ndani ya mitandao ya watoa huduma, karibu na mtumiaji.

Kugawa kwa haki nako kunataka akili. Ukigawa kwa kila muunganisho, mwenye programu inayofungua miunganisho 50 anapata mafungu 50 na mwenzake anapata moja. Ukigawa kwa kila kifaa, mwenye simu, kompyuta na runinga anakula mara tatu. Mgawo wa haki ni wa kila mtu. Na vyuo vina bahati ambayo watoa huduma wengi wa mitaani hawana: mwanafunzi anaingia kwenye Wi-Fi kwa jina lake na nywila yake, iwe kwa eduroam, mtandao wa Wi-Fi unaoshirikiwa na vyuo vya nchi nyingi, au mfumo wa chuo, hivyo mtandao unajua vifaa vitatu ni vya mtu mmoja. Fungu liwe lake, alitumie apendavyo. Na laini isipojaa, fungu lisiwe na dari. Mwanafunzi anayeamka saa kumi alfajiri akakuta njia tupu, aachwe aivute yote. Njia isiyotumika alfajiri haiwekwi akiba ya jioni.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wengi hawalijui, na linaniuma kwa sababu tiba yake ni rahisi. Mara nyingi kinachowaudhi watu ni foleni kuliko uhaba wenyewe. Ruta nyingi, mitambo inayoelekeza data, zimejengwa na nafasi kubwa mno ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kupita. Video zikijaza nafasi hiyo, pakiti ndogo ya simu ya sauti inasimama nyuma ya msururu mrefu, na anayezungumza anasikia mwenzake akikatikakatika. Mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia miaka ya 2010 na 2011. Mwaka 2012 wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, mbinu ya kupima pakiti imesubiri muda gani na kuanza kudondosha baadhi pale foleni inapokataa kupungua. Mrithi wake, FQ-CoDel, huupa kila mkondo wa data foleni yake, na hati yake rasmi ilitoka mwaka 2018. Ipo tayari ndani ya Linux, mfumo endeshi wa bure unaotumika kwenye ruta nyingi. Nimeona ruta ya kawaida kabisa ikiwashiwa hiyo, malalamiko ya simu kukatika yakapungua bila kuongeza hata megabiti moja.

Na kabla ya kununua laini kubwa zaidi, tafadhali pandeni ngazi mtazame vituo vya Wi-Fi. Nimeshuhudia laini ikiongezwa mara mbili na hosteli ikibaki vilevile, kwa sababu kidonda kilikuwa hewani. Kwenye Wi-Fi wote wa chaneli moja hupokezana zamu ya kuzungumza. Simu ya zamani iliyo mwisho wa korido, ikipenyeza mawimbi kwenye kuta tatu, inachukua muda mrefu kupokea kipande kilekile ambacho simu mpya iliyo karibu ingekipokea kufumba na kufumbua, na muda huo wengine wote wanangoja. Kituo kimoja kikiwekewa vyumba thelathini, hakuna laini itakayowaokoa wakazi wake.

Halafu kuna kikulacho ki nguoni mwako. Mhadhara wenye urefu wa saa mbili unarekodiwa kwa kamera nzuri, unatolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde, na faili linakuwa gigabaiti 7.2 (baiti moja ni biti nane). Kilichomo ni slaidi zisizosogea na sauti ya mhadhiri. Faili linapandishwa kwenye tovuti ya nje, kisha wanafunzi 300 wa somo hilo wanalivuta kurudi chuoni kupitia laini ileile. Hizo ni gigabaiti 2,160 kwa mhadhara mmoja! Tovuti kubwa za video huliandaa upya kwa viwango vidogo, lakini mifumo mingi ya masomo hulitoa kwa wanafunzi jinsi lilivyo. Slaidi zinasomeka vizuri kwa kilobiti 500, na hapo faili linakuwa megabaiti 450 na jumla inashuka hadi gigabaiti 135. Weka nakala kwenye seva ya chuo, na gigabaiti hizo hazigusi laini ya nje kabisa. Weka na toleo la sauti peke yake, kilobiti 48, megabaiti 43 hivi, kwa anayetaka kusikiliza akifua nguo. Ruhusu kupakua, ili anayerudia mhadhara mara nne asiuvute mara nne.

Kazi hiyo ni ya chuo chenyewe, na haihitaji kumfungia mtu chochote. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia chuo kikilaumu wanafunzi kwa "kuangalia sinema" wakati mafaili ya mihadhara yake hayajawahi kupunguzwa ukubwa hata mara moja. Na hata sinema: hosteli ndiyo nyumba ya mwanafunzi kwa miaka mitatu au minne. Mtu akimaliza kazi zake usiku ana haki ya kupumzika nyumbani kwake, ndani ya fungu lake.

Wenzangu wa zamani huniuliza kuhusu mitihani ya mtandaoni. Hapo nakubaliana nao bila kusita: mfumo wa mitihani na wa usajili utengewe sehemu yake isiyoguswa, itangazwe wazi, na muda ukiisha irudi kwa wote. Utaratibu mzima uandikwe mahali kila mwanafunzi anapoweza kuusoma, pamoja na grafu ya laini ya chuo, saa kwa saa. Lakini orodha ya nani alitazama nini isihifadhiwe. Ili kugawa njia inatosha kujua kiasi alichotumia mtu.

Agizo lile tuliliondoa baada ya majadiliano marefu, tukaweka mgawo kwa kila mtu na foleni zilizorekebishwa. Usiku wa kwanza nilibaki chuoni. Saa mbili laini ilijaa, kama kawaida yake. Nikaenda hosteli, nikakaa kwenye ngazi na simu yangu, nikafungua video ileile ya kuweka kanula. Ilianza baada ya sekunde mbili, ikatulia kwenye 480p, na sindano ilionekana wazi hadi mwisho.