Kufomati si ufundi

Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Kongwa, alikuja kwangu Dodoma mjini wiki hii na laptopu inayowaka vizuri kabisa. Windows mpya, hakuna faili hata moja ndani. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani aliyoitunga mwenyewe kwa miaka, maksi za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne: vyote havipo. Alikuwa anatumia Debian 12, mfumo wa Linux unaokaa mahali pa Windows. Asubuhi moja ikagoma kuwaka, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi, akachomeka flashi yake, akapiga Windows. Akamtoza na hela.

Kilichonichoma ni kwamba kabla hajaipeleka alikuwa amekipiga picha kile kioo. Akanionyesha kwenye simu. Picha imetikisika kidogo lakini inasomeka. Mashine ilisubiri diski fulani kwa dakika moja na nusu, haikuiona, ikaandika "Dependency failed for /mnt/video", halafu ikaingia kwenye hali ya dharura na kumwambia aliyekaa mbele yake aandike journalctl -xb ili aone kilichotokea. Nikamuuliza, "Mwalimu, ulikuwa na diski ya nje?" Akasema ndiyo, ina video za masomo, alikuwa amemwazima mwenzake wa hesabu siku ile ile.

Hiyo ndiyo hitilafu yote. Aliyemwekea Debian aliiandika ile diski ya nje kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufungua mashine ikiwaka, bila kuweka neno nofail, yaani isipokuwepo endelea tu. Kwa hiyo kila laptopu ilipowaka ilikuwa inaitafuta kama kitu cha lazima, na siku isipokuwepo inasimama. Dawa yake ni kuingia kwa nywila ya root (msimamizi wa mashine), kufungua faili hilo kwa nano (programu ya kuandikia), kuweka alama ya # mwanzo wa mstari ule, kuhifadhi na kuwasha upya. Kama root imefungwa na mashine inakataa kukupa mahali pa kuandika, unawasha tena, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka, unabonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na neno linux unaongeza init=/bin/bash, unabonyeza Ctrl+X, unaandika mount -o remount,rw / na kuendelea na faili lako. Hata hilo likikushinda, njia rahisi kuliko zote ilikuwa hapo hapo mbele yake: kumpigia mwenzake wa hesabu arudishe diski.

Mstari mmoja. Na mashine ilikuwa imeutaja kwa jina.

Ndiyo maana nasema kufomati si ufundi. Fundi gari akiona taa ya oili imewaka hang'oi injini. Anachomoa kijiti, anaangalia. Sisi kwenye kompyuta tumezoea kinyume chake, na tumezoea kiasi kwamba mteja mwenyewe anafika dukani akisema "nipigie Windows" kabla hata hajaeleza mashine ina tatizo gani. Mazoea haya tuliyapata kwenye Windows za kuchakachua zilizojaa virusi, ambako kweli mara nyingi kusafisha kila kitu kulikuwa na nafuu kuliko kutafuta chanzo. Tumeyahamishia kwenye mfumo ambao unaandika kila unachofanya, dakika kwa dakika, kwenye logi (daftari lake la matukio) ambayo mtu yeyote mwenye nywila anaweza kuisoma. Linux haifichi kilichoiuma. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa dakika tano asome.

Chukua mfano ambao mafundi wa hapa wanakutana nao kila mara. Umeme unakatika, laptopu ni ya zamani, betri yake ilishakufa, inazima ghafla. Ukiwasha unakuta neno (initramfs) na mahali pa kuandika. Watu wanaliona neno hilo wanadhani diski imekufa. Soma mistari iliyo juu yake. Imeandikwa kwa herufi kubwa: "RUN fsck MANUALLY". Mashine imekuambia ufanye nini, na imekutajia patisheni (kipande cha diski) gani, labda /dev/sda2. Unaandika fsck -y /dev/sda2, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, unasubiri, unaandika exit, mfumo unaendelea kuwaka. Hali hiyo ikijirudia bila umeme kukatika, hapo una sababu ya kuihofia diski yenyewe: nakili mafaili kwanza, kisha ipime afya kwa programu ya smartctl. Lakini nimeona laptopu zilizofika kwenye hatua hiyo zikafomatiwa mchana huo huo, na mwenye nayo akaambiwa "Linux imeharibika". Haikuharibika. Ilikuwa inaomba itengenezwe, na maagizo ilikuwa imeyaandika.

Nirudi kwenye mafaili, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watu wananiambia mafaili yaliyofutika yanarudishwa, kuna programu. Zipo kweli, TestDisk na PhotoRec, na kwenye diski za zamani zile zinazozunguka zimeniokolea wateja wengi. Laptopu ya yule mwalimu ilikuwa na SSD, diski isiyozunguka. Ukifomati SSD, mfumo mara nyingi unaiambia diski kwamba eneo lote sasa ni tupu, amri inayoitwa TRIM, na diski inasafisha yenyewe bila kukuuliza. Nilijaribu. PhotoRec haikuokota kitu cha maana. Kila anayebadilishiwa diski siku hizi anawekewa SSD kwa sababu laptopu inakuwa nyepesi, na ni sawa, lakini fundi yule yule anayezifunga SSD anafomati kwa mkono mwepesi kama wa zamani. Mkono huo sasa haurudishwi nyuma.

Na hata fundi asiyejua lolote kuhusu fstab alikuwa na njia. Flashi yenye Debian ya kuwashia moja kwa moja, bila kuigusa diski ya ndani. Unawasha kwa flashi, unafungua folda ya mteja, unanakili kila kitu kwenye diski ya nje, ndipo unafanya unalotaka kufanya. Hakuna elimu ya chuo hapo. Kama unaweza kunakili nyimbo kwenye flashi ya mteja wa daladala, unaweza kuokoa miaka ya kazi ya mwalimu. Ninachokidai kwa mafundi wa mji huu ni hicho tu, na siwezi kukilegeza: usifute kabla hujanakili, na usinakili kabla hujasoma kilichoandikwa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba fundi naye ana mzigo wake. Kodi ya fremu haisubiri. Mteja ametoka Mpwapwa au Manyoni na basi la kurudi lina saa yake, anataka mashine leo. Kupiga Windows kuna muda unaojulikana. Kutafuta chanzo hakuna. Maandishi yenyewe ni ya Kiingereza kikavu cha kihandisi, na kijana aliyejifunzia kazi dukani hajawahi kufundishwa kuyasoma. Hayo yote ni kweli. Lakini simu iko mfukoni, inatafsiri na inatafuta, na huo mstari wa kutafuta umepewa bure na mashine. Tena mji huu una UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tangu 2007, una CIVE, koleji yake ya TEHAMA, iliyojaa vijana wanaosomea kompyuta. Kwa nini vijana hao hawakai Jumamosi kwenye maduka ya Majengo na Sabasaba, wao wakajifunza mitambo iliyochakaa ya kweli na mafundi wakajifunza kusoma logi, sielewi, na linaniuma.

Linaniuma sasa kuliko zamani kwa sababu watu wanaohamia Linux wanaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Angalia laptopu za mtumba zinazouzwa hapa, zile zilizotoka Dubai na Uingereza: nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Ni mashine ngumu, kibodi nzuri, ukiongeza RAM na SSD zinafanya kazi ya ofisi na shule bila tabu. Debian inazipa miaka mingine. Lakini mwenye shule akisikia kwamba mwalimu wa Kongwa alipoteza kila kitu "kwa sababu ya Linux", hatagusa. Jina linaloharibika ni la mfumo, wakati aliyefuta ni mtu.

Linux nayo haijawa rafiki kwetu siku zote. Kwa miaka mingi flashi rasmi ya kuweka Debian haikubeba firmware (programu ndogo za ndani) za kadi za Wi-Fi, kwa sababu si programu huria. Ukiwa Ulaya unachomeka kebo ya mtandao ukutani, umemaliza. Hapa kebo hiyo iko wapi? Mtu anafika hatua ya mtandao, installer (programu ya kuweka mfumo) inamwambia firmware haipo, anakwama, anarudi Windows. Watengenezaji wa Debian wenyewe walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu firmware hizo ziwe kwenye flashi rasmi, na Debian 12 ilipotoka Juni 2023 zikawemo. Walichelewa sana, na gharama ya msimamo wao tuliilipa sisi tulio mbali na kebo.

Hata sasa kuna kadi zinazosumbua, hasa baadhi ya Broadcom kwenye laptopu za zamani, ambazo zinataka kifurushi cha broadcom-sta-dkms, na kifurushi hicho kinashuka kwa intaneti ambayo ndiyo huna. Usihangaike. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Debian itaiona simu kama kebo ya mtandao, hata ukiwa katikati ya kuweka mfumo. Bando lako tu ndilo la kuchunga: ukiwa kwenye hatua ya kuchagua vifurushi, toa alama kwenye vile usivyovihitaji, usishushe kila kitu. Kisha andika lspci -nnk uone kadi yako ni ipi na inatumia draiva gani, kabla hujafuata ushauri uliotolewa kwa kadi ya mtu mwingine.

Mengine yanayowasumbua watu ni mepesi, nayataja kwa kupita. Installer haioni diski: ingia BIOS (mipangilio ya mashine), angalia kama namna ya kuendesha diski imewekwa kwenye RST au RAID badala ya AHCI, na kama Windows inabaki humo, iandae kwanza ianzie hali salama, la sivyo itagoma ukibadilisha. Patisheni ya Windows inafunguka kwa kusoma tu: Windows haikuzimwa kabisa, zima Fast Startup, inayoifanya izime nusu nusu. Saa inapishana kwa masaa matatu kamili kila ukitoka mfumo mmoja kwenda mwingine: Windows inaihesabu saa ya mashine kuwa ya hapa kwetu, Linux inaihesabu kuwa ya UTC (saa ya dunia), na sisi tuko mbele ya UTC kwa hayo matatu, andika timedatectl set-local-rtc 1 uendelee na maisha. BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski: chukua funguo yake ya kurejesha kabla hujagusa Secure Boot (ulinzi wa BIOS wakati wa kuwaka), uiandike kwenye karatasi. Hili la mwisho usilichukulie poa, nalo linafuta kazi ya mtu kama lile la kufomati.

Na ukiomba msaada kwa wenzako kwenye magrupu, usiandike "Linux inasumbua, msaada tafadhali". Hakuna anayeweza kukujibu zaidi ya kukisia, na anayekisia ndiye atakayekuambia ufomati. Andika ni toleo gani, mashine gani, ulifanya nini mara ya mwisho kabla haijagoma. Piga picha kioo chote, si mstari wa mwisho peke yake, maana chanzo huwa kiko juu na matokeo yake chini. Kama mfumo unawaka kwa kusuasua, journalctl -b -1 -p err itakupa makosa ya mara iliyopita. Yule mwalimu, ambaye hajui hata amri moja, alipiga picha iliyotosha kumaliza tatizo lake lote. Alifanya sehemu yake. Aliyekuwa analipwa ndiye hakuiangalia.

Wewe mwenye laptopu, kabla hujaiacha dukani muulize fundi mafaili yako atayaweka wapi kabla hajaanza, na aandike kwenye risiti. Akisema hakuna haja, chukua mashine yako uondoke, hata kama basi liko karibu kutoka.

Na mafundi wenzangu wa Majengo, Sabasaba, Nkuhungu na Nzuguni, nina faili la Debian ya kuwashia kwa flashi, nimeshalishusha ili msimalize bando. Leteni flashi ya GB 8 au zaidi, tutaliandika na kuhakiki SHA256 yake (alama ya kuthibitisha faili ni zima) pamoja, bila malipo. Njooni na mashine moja iliyowashinda, ambayo bado haijafomatiwa.