Kupe nyepesi (gari la michezo la milango miwili) kwa anayeanza kuendesha kwenye saketi ya mbio: uijenge yote kwanza, au uanze nayo karibu ilivyo?

Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, zilizoingia sokoni mwaka 2012, ni kati ya kupe zinazotajwa mwanzo kabisa mtu akiuliza gari la kujifunzia saketi. Sababu zipo wazi. Uzito ni kama kilo 1,250, injini ya lita 2.0 ina silinda nne zilizolala na imekaa chini sana, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, modeli nyingi zina difu ya Torsen (inayozuia gurudumu moja la nyuma kuzunguka bure), na nguvu za farasi 200 zinatosha kufundisha bila kumtisha dereva. Ubishi huanza gari likishanunuliwa.

Kuna wanaosema lijengwe lote kabla ya kukanyaga saketi: shokapu za kurekebisha, semi-sliki (matairi ya mshiko mkubwa yanayokaribia ya mbio), breki kubwa, keji (kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari), kiti cha mbio. Hoja yao kubwa ni kwamba kazi hizi zinagusana. Ukifungua shokapu mwezi huu na bushi mwezi ujao, utalipia ufundi mara mbili na alaimenti (kupima na kunyoosha matairi) mara mbili. Tena gari la barabarani halikuundwa kwa dakika 20 za kukanyagwa mfululizo, kwa hiyo kuliacha lilivyo ni kulipeleka likaharibike. Wengine wanasema badili pedi, mafuta ya breki na oili, kisha nenda ukaendeshe. Mengine yatajionyesha yenyewe.

Msimamo wetu uko karibu zaidi na hao wa pili, ila si kwa kila jambo. Kinachoharibu gari jepesi saketini kwanza ni joto. Mshiko na nguvu vinakuja baadaye, na anayeongeza mshiko kabla ya kulimudu joto analiongeza joto lenyewe.

Tuanze na breki. Gari la kilo 1,330 pamoja na dereva, likishushwa kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80, linatoa karibu megajuli 1 ya nishati, yote ndani ya sekunde zisizozidi nne. Sehemu kubwa inaingia kwenye diski mbili za mbele, na kazi hiyo inarudiwa mara kadhaa katika kila mzunguko bila nafasi ya kupoa. Barabarani hakuna anayefunga breki hivyo mara kumi mfululizo.

Hapo vinaweza kushindwa vitu viwili tofauti, na dereva lazima avitambue kwa mguu. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, pedi zimepita joto lake. Pedali ikizama au ikiwa laini kama sponji, mafuta ya breki yamechemka na mvuke umeingia kwenye mfumo. La pili ni hatari zaidi kwa sababu linakuja ghafla. Kiwango cha mafuta ya breki kiitwacho DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinaruhusu yachemke kwenye 155. Mafuta ya breki hunyonya unyevu yenyewe kadiri muda unavyopita, hivyo gari lenye mafuta ya miaka mitatu linaweza kuwa karibu na hiyo 155 bila dalili yoyote barabarani. Ya mbio huchemka juu ya 300 yakiwa mapya, lakini mengi huchakaa haraka na yanafaa kubadilishwa kila msimu. Lita 1 inatosha kusafisha mfumo wote. Fuata mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari, na usikubali DOT 5 ya silikoni. Haichanganyiki na haya mengine.

Pedi zichaguliwe kwa joto. Za barabarani nyingi huanza kuishiwa nguvu mahali ambapo za saketi ndiyo kwanza zinafanya kazi vizuri. Gharama yake ni kwamba za saketi hupiga kelele, hutoa vumbi jingi linalokula rangi ya rimu, na zikiwa baridi asubuhi hazishiki vizuri. Kama gari hilohilo ndilo la kwendea kazini, zifungwe siku moja kabla na zitolewe baadaye, au zitafutwe za katikati. Zikishafungwa zipashwe taratibu: funga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha bila kuzigusa mpaka zipoe. Ukiruka hatua hii, utando wa pedi unajipaka kwenye diski kwa mabaka na usukani unaanza kutetemeka. Wengi hudhani diski imepinda wakati diski ni nzima. Pedi iliyobaki chini ya nusu haifai kuanzia siku, maana kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo joto linavyopita kwa urahisi kwenda kwenye pistoni ya kaliipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na kwenye mafuta.

Je, kaliipa kubwa za pistoni nne au sita? Zina faida za kweli: diski nene inabeba joto zaidi, na pedi hubadilishwa kwa dakika chache. Lakini zinaweza kukataa rimu za inchi 17, mara nyingine huhamisha uwiano wa breki kwenda mbele, na bei yake ingelipia siku nyingi za kuendesha. Kwa farasi 200 na gari la uzito huu, pedi sahihi, mafuta mapya na diski laini za kawaida, zisizo na matundu, zinamtosha anayeanza. Tunasisitiza laini, kwa kuwa zenye matundu huanza kupasuka kwenye matundu hayohayo. Mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole bila breki, na gari likiegeshwa liachwe kwenye gia. Usivute hendibreki diski zikiwa za moto.

Baada ya breki ni oili, na hapa wajenzi wana hoja nzito. Injini ya kizazi cha kwanza, FA20, inapendekezewa oili ya 0W-20, ambayo ni nyepesi na inasaidia kupunguza matumizi ya petroli. Saketini, siku ya joto, oili hiyo inaweza kupita nyuzi 130. Hatua ya kwanza ni geji ya joto la oili, maana ile ya dashibodi inaonyesha joto la maji na itatulia katikati huku oili ikiungua. Ya pili ni oili nzito kidogo, 5W-30 nzuri, ibadilishwe mapema kuliko kawaida. Rejeta ya oili inafuata pale geji inapoonyesha kwamba joto linazidi kupanda kila mzunguko. Inunuliwe yenye themostati, vinginevyo oili itakuwa baridi mno njiani kurudi nyumbani. Ifungwe na fundi anayejua kazi hiyo. Kila kiungo cha bomba kilichoongezwa ni mahali pa kuvuja, na oili ikimwagikia tairi la nyuma kwenye kona, gari linatoka njiani na kuwachafulia wengine saketi. Hatari hiyo ni sababu ya kutoifunga bila kuihitaji.

Kizazi cha pili, kilichokuja mwaka 2021 na injini FA24 ya lita 2.4, kina habari yake. Wamiliki waliofungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) walikuta vipande vya silikoni ya kuzibia vimenasa kwenye chujio la kunyonyea oili. Tena vipimo vya wanaoendesha saketini vilionyesha presha ya oili ikishuka kwenye kona ndefu za kulia. Oili inasukumwa upande na kukaa mbali na mdomo wa kunyonyea. Kadiri tairi linavyoshika, ndivyo nguvu ya kusukuma upande inavyokuwa kubwa na ya muda mrefu. Kwa hiyo mtu anayefunga semi-sliki kwenye gari hili kabla ya kukagua sampu na kuweka geji ya presha anaihatarisha injini kwa kitu alichokinunua kama uboreshaji. Oili ikae kwenye alama ya juu ya kijiti, ipimwe kila ukirudi.

Anayenunua gari la kizazi cha kwanza lililotumika aulize jambo moja zaidi: mwaka 2018 magari ya mwanzo yaliitwa kubadilishiwa springi za vali. Kazi hiyo hutaka injini ishushwe na ifungwe upya kwa silikoni, kwa hiyo ni muhimu kujua kama ilifanyika, na ilifanywa na nani.

Kuhusu matairi hatuna upande mmoja kamili. Tairi la kiwandani kwenye matoleo mengi ya kizazi cha kwanza lilikuwa Michelin Primacy HP ya 215/45R17, tairi la barabarani lenye mshiko wa wastani kwa makusudi. Linateleza kwa mwendo mdogo na linatoa onyo mapema, na hakuna mwalimu bora wa usukani kuliko hilo. Ubaya ni kwamba linapata joto upesi, mabega yanamomonyoka, na baada ya mizunguko michache halifundishi tena. Semi-sliki huvumilia joto na husimamisha gari kwa umbali mfupi, hilo ni suala la usalama na si kasi tu. Lakini hukaa kimya mpaka mwisho, kisha huachia kwa mwendo mkubwa zaidi, na mzigo wake huzimaliza beringi za magurudumu. Kwa anayeanza tunachagua la katikati: tairi la michezo la barabarani lenye namba ya uchakavu (treadwear) kati ya 200 na 300, upana uleule wa 215 au 225. Presha ipimwe likiwa la moto, mara tu unapoingia. Ukianza na bar 2.0 baridi na ukarudi na 2.5, toa upepo mpaka ufikie kama 2.3.

Jambo ambalo hatukubaliani kabisa na wanaosema "liache lilivyo" ni mwinamo wa matairi ya mbele (camber), yaani jinsi yanavyolala kuelekea ndani au nje. Kiwandani umewekwa karibu na sifuri. Kwenye kona mwili wa gari unalala nje, tairi linasimama kwa bega lake la nje, na bega hilo linaweza kuliwa ndani ya siku moja huku upande wa ndani ukiwa bado mpya. Boliti za kurekebishia mwinamo ni bei ndogo na zinafikisha takriban nyuzi -1.5. Sahani za juu ya shokapu zinakaribia -3. Pua ya gari inaanza kutii, na pesa ya matairi inabaki mfukoni. Ukibadili mwinamo, uelekeo wa matairi nao unahama, kwa hiyo alaimenti ni lazima baada ya hapo; uelekeo wa mbele uuweke sifuri.

Shokapu za kurekebisha zisubiri. Seti duni ni mbaya kuliko za kiwandani, na kosa la kawaida ni kushusha gari mno. Mbele ni mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu yenyewe inashika gurudumu kwa juu na mkono mmoja kwa chini: mkono wa chini ukipanda juu ya usawa wake, gari linalala zaidi kwenye kona badala ya kupungua, na shokapu inagonga mpira wa mwisho. Milimita 20 hadi 25 zinatosha.

Kuongeza turbo hatutalizungumzia kwa marefu. FA20 tayari ina mbano mkubwa wa hewa ndani ya silinda, 12.5:1, joto tayari ni tatizo, na nyakati za anayeanza hupishana sekunde kadhaa kati ya mzunguko na mzunguko. Katika hali hiyo farasi 60 za ziada hazionekani hata kwenye saa. Kupunguza uzito kuna maana pale ambapo ni bure: tairi la spea, zana, mazulia na kila kilicholegea vitoke, kwa kuwa vingeruka hata hivyo. Kukwangua lami ya kuzuia kelele sakafuni ni kazi ya siku nzima kwa kilo chache. Muhimu kuliko hayo ni nati za magurudumu: Nm 120, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kabla ya kuingia na kila baada ya kipindi, rimu zikiwa zimepoa.

Inabaki keji. Hoja ya wajenzi kwamba usalama haupaswi kusubiri ni ya haki, na kiti kizuri kinachomshika dereva kiunoni kinafaa tangu mapema. Mtu anayejishikilia kwa usukani hawezi kuusikia. Lakini keji, mikanda ya pointi sita na kizuizi cha shingo hufanya kazi kama kundi. Mikanda hiyo peke yake, bila keji, inamfunga dereva akae wima gari likipinduka na paa likibonyea. Na keji kamili kwenye gari la barabarani inaweka bomba la chuma sentimita chache kutoka kwenye kichwa kisicho na helmeti. Mkanda wa kiwandani, mikoba ya hewa na paa lisiloguswa vilipimwa pamoja vikiwa kitu kimoja. Anayeanza abaki navyo mpaka gari liache kutembea barabarani na kuanza kubebwa kwa trela, ndipo keji, kiti na mikanda vifungwe vyote kwa mara moja.