Hipnosisi, sigara na tambuu: inafika wapi, inakwama wapi

Mvutaji sigara anayefunga Ramadhani hapa Unguja hukaa zaidi ya saa 13 bila moshi. Atafungua duka Darajani, atabishana na wateja, atapanda daladala, na mkono hauendi mfukoni. Adhana ya magharibi ikilia, ni tende moja, maji, na kibiriti kishawaka.

Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 2. Aliyevuta mara ya mwisho wakati wa daku, ikifika alasiri imembakia chembe tu. Lau hamu ingekuwa kazi ya nikotini peke yake, angekuwa hoi tangu adhuhuri. Utafiti uliofanywa kwa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, uliochapishwa 2010, ulionesha jambo la namna hiyo: hamu ilipanda kadiri safari ilivyokaribia kwisha, iwe fupi au ndefu, bila kujali sana ni saa ngapi walizokaa bila kuvuta. Kwa hivyo sehemu ya tabia imo katika mazoea na matarajio: pahala, wakati, watu, kikombe cha kahawa barazani. Sehemu hiyo ndiyo ambayo tiba ya hipnosisi inadai kuigusa. Dai lenyewe lina msingi. Kinachobishaniwa ni ukubwa wake.

Hipnosisi ni hali ya kuikusanya akili kwenye jambo moja mpaka mengine yafifie, mtu akawa mwepesi wa kupokea pendekezo. Si usingizi. Anayefanyiwa husikia vespa ikipita nje, husikia adhana, na akitaka kuinuka huinuka. Kwa hiyo hofu inayosikika sana visiwani, kwamba mtaalamu humiliki akili ya mtu au humpandisha shetani kama kwenye ngoma ya kibuki, haina mashiko: hakuna anayeitwa wala kupandishwa. Watu wenyewe hawalingani. Vipimo vilivyotungwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1959 na vilivyofuata vimeonesha kwamba takriban asilimia 10 hadi 15 huzama sana, wengine kiasi hicho hicho hawazami karibu kabisa, na waliobaki wako katikati.

Hata hivyo wenye hofu wana hoja moja nzito. Aliyezama huamini kwa wepesi kuliko kawaida, na anaweza kutoka na kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitahadharisha 1985 kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa njia hii si za kutegemewa kuliko za kawaida. Mtaalamu akikwambia atakurudisha utotoni akamtafute aliyekusababishia tabia yako, chukua viatu vyako uondoke.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mwaka 1845 James Esdaile, daktari Mskochi aliyekuwa Bengal, India, alianza kupasua mabusha akiwatuliza wagonjwa maumivu kwa mesmerizimu, njia iliyoitangulia hipnosisi, kabla upasuaji kwa etha, dawa ya usingizi, haujaoneshwa hadharani Boston 1846. Anayeyajua mabusha kwa kuyaona Pemba anafahamu kisu hicho si cha mchezo. Ikiwa umakini wa akili unaweza kupunguza maumivu kiasi hicho, si ajabu ukaweza kupunguza hamu.

Tuitazame tambuu yenye tumbaku, kwa sababu hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kikao cha maana huanza na mazungumzo ya nusu saa hivi, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye nusu ya tiba. Tambuu ya kwanza huliwa wakati gani? Baada ya chakula au barazani? Nani anaikunja? Ukiikosa unakosa nini hasa: ukali wa popoo, kitu cha kutafuna, au sababu ya kukaa na wenzako? Halafu mteja huketi, hukazia macho nukta iliyo juu kidogo ya usawa wa macho mpaka kope zichoke, huvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, huku mtaalamu akihesabu polepole kutoka 10 hadi 1. Dakika 10 zinatosha.

Hapo ndipo pendekezo linapoingia, na wengi huliharibu. "Hutaki tena tambuu" ni pendekezo bovu, maana linaileta tambuu ile ile akilini na halisemi mkono ufanye nini badala yake. Lililo bora ni kama hili: "Chakula kimekwisha. Unasukutua kinywa, unatia karafuu moja mdomoni, unainuka." Kisha mteja hujionesha akilini mwenzake akimnyooshea tambuu barazani, naye akishukuru na kutoa karafuu yake, picha hiyo huirudia mara 5 au 6. Mwisho huhesabiwa 1 hadi 5, akafungua macho, akanyoosha mikono na miguu. Asiruhusiwe kupanda pikipiki mpaka kizunguzungu kimtoke. Nyumbani hurudia mwenyewe dakika 10 kila siku kwa maneno yale yale. Pendekezo liilenge tambuu nzima, si tumbaku tu: tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kuwa inasababisha saratani.

Kinachokwamisha zaidi ni matarajio. Mtu hungoja apoteze fahamu, asipopoteza husema haikufanya kazi, na hakurudi tena. Mwingine hutumia rikodi za Kiingereza kutoka mtandaoni. Akili yake inashughulika kutafsiri, haitulii. Anayeogopa bahari akiambiwa ajione anazama taratibu majini hushtuka badala ya kulegea.

Sasa ushahidi. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 14 za kuacha sigara kwa hipnosisi, zenye watu 1,926, na hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inashinda msaada mwingine, kama ushauri nasaha. Kwa tumbo linalosokota bila kidonda wala maambukizi hali ni nyingine. Utafiti wa Manchester wa 1984 ulitoa matokeo mazuri, na tangu 2008 mwongozo wa tiba wa Uingereza unaruhusu wagonjwa ambao dawa hazikuwasaidia kwa miezi 12 wafikiriwe kupelekwa kwenye tiba ya hipnosisi. Kwa kung'ata kucha, njia ya wanasaikolojia Azrin na Nunn ya 1973, ya kukunja ngumi kwa dakika chache kila mkono unapoelekea kinywani, inasimama vizuri bila hipnosisi. Tunavyoona sisi, hipnosisi hufaa zaidi kama uwanja wa kufanyia mazoezi ya njia kama hizo kuliko kuwa tiba inayojitegemea.

Kwa unga jibu ni fupi. Mwili ulioshikwa na heroini unataka daktari na methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na huduma hiyo ipo hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja. Anayesikia sauti zisizokuwepo au mwenye kifafa naye aanzie hospitali.

Ukitaka kujaribu, uliza kwanza mtu huyo ana taaluma gani ya afya (udaktari, uuguzi, saikolojia) mbali na cheti cha hipnosisi, na amesajiliwa wapi. Kazi hii haihitaji kumshika mtu. Mwanamke aende na mwenziwe, au mlango uachwe wazi kidogo. Mtaalamu anayekataa hilo hafai. Bei ijulikane mapema, na vikao 4 hadi 6 ni kiasi cha kawaida kwa tabia moja. Wiki moja kabla ya kuanza, andika kwenye daftari kila tambuu au sigara, saa yake na pahala pake. Endelea kuandika. Baada ya kikao cha tatu linganisha, na kama hesabu haikushuka, usilipe cha nne. Fedha hiyo ipeleke kwenye vibandiko vya nikotini, au kwa daktari wa meno akutazame kinywa.