Msongo wa Mawazo Kazini: Je, Wote Unatoka Nyumbani?

Waajiri wengi wakiulizwa kwa nini wafanyakazi wao wameelemewa, hujibu kwamba kila mtu anakuja na matatizo yake ya nyumbani. Hoja hiyo ina uzito. Mshahara mmoja hapa kwetu hulisha wazazi na kusomesha wadogo, na ukiisha kabla ya mwezi, watu hukimbilia mikopo ya kausha damu. Karani anayepigiwa simu na mdai saa nne asubuhi atakosea hesabu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, lakini deni la mtaani halipiti kwenye hati ya mshahara.

Ubaya ni pale hoja hii inapotumiwa kufunga mjadala. Kuanzia 1967, watafiti walifuatilia afya ya maelfu ya wanaume watumishi wa serikali jijini London, katika utafiti uitwao Whitehall. Wengi wetu tungedhani wakubwa, wenye maamuzi mazito, ndio wangeugua moyo zaidi. Ikawa kinyume: wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi hayo zaidi ya mara tatu ya wale wa juu, na sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe kunachangia.

Naamini hapo ndipo penye kiini. Kazi nyingi huchosha, ila anayeipanga mwenyewe na kujua itakwisha lini huimudu. Muuguzi anayebadilishiwa zamu saa tatu usiku kwa ujumbe wa WhatsApp hajui hata mtoto atamwachia nani. Mwajiri atasema hospitali haifungwi. Kweli haifungwi, lakini zamu nyingi zinajulikana mapema, na ratiba ya wiki mbili haihitaji bajeti mpya. Semina za kupambana na msongo hazigusi hilo. Muuguzi anatoka semina na kurudi kwenye ratiba ileile.

Hata madeni yenyewe, mengine huanzia ofisini. Mshahara ukichelewa siku kumi, mwenye nyumba hasubiri. Mwajiri anayeamini kwamba mikopo ndiyo inayowavuruga watu wake aanze kwa kuwalipa tarehe aliyoiandika kwenye mkataba.