Si matatu peke yake
Mwandishi wa makala ninayoijibu amewabebesha madereva wa matatu lawama zote za kubadilisha leni bila indiketa. Siwatetei, lakini leo asubuhi pale Pangani, Nairobi, kwenye Barabara ya Thika, aliyenichomekea ni jamaa wa gari dogo jipya, tai shingoni, kioo cha pembeni kimekunjwa kama sikio la paka mwenye hasira. Nikampigia honi, akatoa mkono dirishani, ule wa "pita basi". Nipite wapi? Siku hizi ukiwasha indiketa mapema, wa nyuma ndiyo kwanza anaongeza mwendo akuzibie, na wengine ndipo walipoacha kuiwasha. Na boda boda anayepenya katikati ya magari, nani anamwona? Zamani mtu akikukosea angalau alikuwashia hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja, kuomba radhi.