Pedali ya Haihati Ipimwe kwa Mguu Utakaoikanyaga

Makanisa kadhaa ninayoyafahamu hapa Mbeya, kuanzia Soweto hadi Uyole, yameziweka kando dramu za kawaida na kununua za umeme, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuketi katika ukumbi wa bati usio na dari huku mpiga dramu amechangamka. Mlio wa simbo, yaani matoazi ya dramu, hupiga bati na kurudi chini, na waimbaji wa sauti ya pili hawajisikii tena. Dramu za umeme hutibu tatizo hilo, kwa kuwa fundi mitambo anaweza kuzipunguza kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kama anavyopunguza kinanda. Hata hivyo, miezi michache baada ya ununuzi huanza kusikika lalamiko lile lile: kwamba dramu hizi hazina ladha, kwamba zinalia kimashine, na kwamba afadhali zile za zamani. Mimi nimepiga za aina zote mbili kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba dramu za umeme zinasingiziwa. Kinachokosekana mara nyingi ni pedali ya haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu) iliyowekwa sawasawa, na haiwekwi sawasawa kwa sababu kazi hiyo hupewa mtu ambaye hataikanyaga.

Ngoma ya mguu na sinea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, hazisumbui sana. Unapiga, pedi inahisi pigo, na sauti inatoka kubwa au ndogo kulingana na nguvu uliyotumia. Haihati ina mambo yake, kwa sababu kijiti huleta nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko mguuni, na mguu haufungi na kufungua tu, bali hulegeza kidogo, hubana kidogo, na wakati mwingine huelea katikati. Anayepiga sebene anajua ninachokisema. Gitaa la solo linapoanza kuzunguka na akina mama wanapoinuka na leso zao, haihati ndiyo inayokimbia muda wote, na uhai wake unatokana na unyayo wa kushoto kulegea kwa nukta moja, matoazi yapumue, kisha yafungwe tena kabla pigo linalofuata halijafika. Ukiiondoa pumzi hiyo, kinachobaki ni mwendo wa cherehani.

Ndani ya pedali nyingi hakuna maajabu. Kuna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri unavyokanyaga, jamaa wa kile kilicho nyuma ya kitufe cha kuzungusha cha sauti ya redio. Pedali nyingine hutumia mwanga au sumaku kupima umbali. Moduli, yaani ule ubongo wa dramu, husoma badiliko hilo na kuligeuza kuwa namba. Katika MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme vimekuwa vikizungumziana tangu mwaka 1983, pedali ya mguu imetengewa kidhibiti namba 4, na thamani zake huanzia 0 hadi 127. Hizo ni ngazi 128 kati ya haihati iliyo wazi kabisa na iliyobanwa kabisa, nazo hugawanywa katika maeneo, kila eneo na mlio wake: iliyobanwa, iliyofungwa kwa ulegevu, iliyo nusu wazi, iliyo wazi. Ngazi hizo zinatosha kubeba pumzi yote ya sebene, ilimradi mguu wa mpigaji uweze kuzifikia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Niliwahi kufika ibadani Jumapili moja ya mwezi Juni, asubuhi ya ile baridi ya Mbeya inayofanya vidole vya miguu visijulikane kama vipo, nikakuta pedali imeshawekwa tangu Jumamosi jioni. Aliyeiweka ni fundi mitambo wetu, kijana makini ambaye sina neno baya juu yake. Baadaye alinionyesha alivyofanya: alichuchumaa mbele ya dramu, macho kwenye kioo cha moduli, akaibonyeza pedali kwa kiganja cha mkono na kuulalia kwa uzito wake wote mpaka ikagota, pale ilipogota ndipo alipoiambia moduli kwamba haihati imefungwa. Akahifadhi, akaenda kulala. Mimi nikaketi, nikakanyaga kama ninavyokanyaga siku zote, na namba ikaishia kwenye tisini na kitu. Kwa hesabu ya moduli, haihati yangu ilikuwa bado haijafungwa. Kwa nyimbo tatu mfululizo ukumbi ulisikia kitu kama mvua ya mawe juu ya bati, na kila nilipotaka kuizima ilinibidi nikanyage kama dereva wa basi anayeshuka Kitonga. Ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo zile sahani zako zilikuwa zimekasirishwa na nani?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu refu ni kwamba hakuna kilichokuwa kimeharibika. Pedali ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, moduli ilikuwa ikitii ilichoambiwa. Ila iliambiwa kwamba kufunga haihati ni kitendo cha mtu mzima kulalia kiganja chake, jambo ambalo hakuna mguu unaoweza kulifanya kwa saa tatu za ibada. Ndiyo maana ninasema kipimo kichukuliwe kutoka kwa mpigaji akiwa ameketi kwenye kiti chake, kwa urefu wa kiti anaoutumia, amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Viatu ninavitaja kwa makusudi. Aliyefanya mazoezi kwa raba Jumamosi akaja na viatu vya soli ngumu Jumapili amebadilisha mguu, na pedali haijui kwamba ni yeye yule.

Namna ninayoifanya mimi ni hii. Kabla ya kuwasha moduli ninahakikisha waya wa pedali umechomekwa na mguu wangu uko sakafuni, kwa kuwa baadhi ya moduli husoma hali ya pedali zinapowashwa na kuichukulia kuwa ndiyo hali ya kupumzika. Wapiga kinanda wanalijua jambo hili vizuri: ukiwasha vinanda vingi huku umekanyaga pedali ya kushikilia sauti, vinaanza kuielewa kinyumenyume. Kisha ninaingia kwenye menyu na kuchagua aina ya pedali, kwani pedali ya kampuni moja haielewani mara zote na moduli ya kampuni nyingine. Waya wenyewe hutazamwa kwenye jeki yake: pedali nyingi za namna hii zinahitaji waya wa stirio, ambao jeki yake ina pete mbili nyeusi, na ukichomeka wa pete moja, ambao kwa kuutupia jicho unafanana nao kabisa, namba inaweza kuganda mahali pamoja na utahangaika nusu saa ukilaumu kisichohusika.

Baada ya hapo ndipo inapoanza kazi ya mguu. Nikiwa ninapima sehemu ya kufunga, sikanyagi kwa kishindo. Ninapiga mdundo wa kawaida wa haihati iliyofungwa kwa dakika moja au mbili, mpaka mguu usahau kwamba unapimwa, halafu ninatazama namba imetulia wapi. Hapo ndipo pa kufungia, na nguvu inayozidi hapo ninaiacha kuwa akiba ya ule mlio mkavu wa kubana sana. Sehemu ya kufungua ina mtego wake. Menyu inaposema uachie pedali, watu wengi huondoa mguu kabisa, ilhali anapopiga hakuna anayeuinua mguu hewani. Unyayo hubaki umelala juu ya pedali na uzito wake. Ukipima bila mguu, haihati yako haitafunguka mpaka mwisho hata siku moja katika wimbo, na utabaki ukishangaa kwa nini mlio wa wazi unasikika umefunikwa. Ninapima unyayo ukiwa umelala kwa ulegevu palepale.

Kuna pia ule mlio wa mguu peke yake, "chik", usiohitaji kijiti. Katika orodha ya kawaida ya sauti za MIDI, iliyowekwa mwaka 1991, haihati iliyofungwa ni noti namba 42, ya mguu ni 44, na iliyo wazi ni 46. Mpigaji ambaye mguu wake hucheza-cheza kuhesabu mapigo atasikia noti 44 zikidondoka mahali asipozitaka, na dawa yake ni kupunguza wepesi wa kuhisi kwenye menyu badala ya kumfokea atulize mguu. Sakafu nayo ina neno lake, kwani juu ya vigae pedali huteleza mbele kidogokidogo, pembe ya goti hubadilika, na kufikia mahubiri kipimo ulichokifanya kimekuwa cha mtu mwingine. Kipande cha zulia kuukuu chini ya pedali na kiti kinamaliza habari hiyo. Wenye haihati inayokaa juu ya stendi halisi watapima kwanza nafasi kati ya toazi la juu na la chini, kisha waendelee vilevile.

Sasa niseme linaloniudhi. Katika makanisa niliyopiga, menyu ya moduli huwa ni mali ya kamati. Mpiga dramu anaruhusiwa kupiga, haruhusiwi kubonyeza, na nimewahi kukuta moduli imezungushiwa selotepu juu ya vitufe. Hofu yao ninaielewa: chombo ni cha sadaka za watu, na kijana mmoja mwenye vidole vyepesi anaweza kuvuruga kila kitu dakika tano kabla ya ibada. Lakini moduli nyingi zina nafasi za kuhifadhi seti za mtumiaji, na palipo na wapigaji watatu, hata kama kipimo cha pedali ni kimoja kwa moduli nzima na hakihifadhiwi ndani ya seti, namba zao zinaweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kisanduku. Kuzirudisha ni kazi ya dakika moja. Kwaya rafiki ilipotutembelea kutoka Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300, mpigaji wao, mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, alitakiwa kupiga kwa kipimo cha mguu wangu kwa sababu mwenye ruhusa hakuwepo. Alipiga kwa adabu, akafunga haihati ibada nzima na asiifungue hata mara moja. Watu wakasema ni mpigaji wa kawaida tu. Nilimsikia jioni akijaribu dramu za kawaida nyumbani kwa mwenyeji wake, na nikaona aibu kwa niaba yetu.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Ziko pedali za bei nafuu ambazo ndani yake kuna swichi tu, ya kufunga na kufungua, na hizo hakuna kipimo kitakachozipa nusu wazi, hata ufunge na kukesha. Kanisa lenye pedali ya namna hiyo lisinunue simbo ya tatu; linunue pedali, baada ya kuhakikisha kwamba moduli iliyopo inaweza kuisoma. Wanaotumia programu ya dramu kwenye kompyuta nao watazame kwanza kama namba za kidhibiti namba 4 zinafika, na kama programu haizisomi kinyume, maana zipo zinazotaka 127 iwe kufunga na zinazotaka iwe kufungua.

Pedali pia huchakaa. Vumbi huingia, kipande cha ndani hulika, na namba huanza kurukaruka hata mguu ukiwa umetulia. Hilo likitokea katikati ya wimbo, usichomoe waya, kwa kuwa moduli nyingi zisipoiona pedali huihesabu haihati kuwa iko wazi, na mvua ya mawe inaanza upya. Mimi nimehifadhi seti moja ambayo ndani yake simbo ya kulia nimeipa mlio wa haihati iliyofungwa. Mwaka jana, katikati ya pambio la sadaka, nilihamia kwenye seti hiyo kwa kidole kimoja na kuhamishia mkono upande wa pili, na mpiga bezi peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama.